Mkerezaji wa Habu za Magari ya Zamani

Mwenye kumiliki Peugeot 504, gari lile lililotoka Ufaransa mwaka 1968, likashinda mbio za Safari mwaka 1975 na likaunganishwa nchini Kenya kwa miaka mingi, aghalabu hufikwa na shida ambayo fedha peke yake haiiondoi: rimu zake za asili zimeliwa na kutu, na mpya zilizojaa madukani hazikubali kuingia, kwa kuwa bolti nne za gari hilo zimepangwa juu ya duara la kipenyo cha milimita 140, ilhali magari mengi ya Kijapani yana duara la milimita 114.3 au 100. Hapo ndipo habu, yaani kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungiwa, inapobidi kutobolewa upya. Na hapo ndipo inapompasa mwenye gari amtafute mkerezaji mwenye maarifa, wala asiridhike na kila mwenye kekee.

Kwa atazamaye juu juu, kazi yenyewe ni matundu manne tu. Lakini tundu la zamani liko milimita 70 kutoka katikati, na lile la duara la 114.3 litakuwa milimita 57 na kitu. Yakiwekwa katika mstari mmoja yataingiliana au kuachiana utando mwembamba wa chuma usioaminika. Kwa sababu hiyo fundi hodari huligeuza duara jipya kwa nyuzi 45, kila tundu likaangukia baina ya mawili ya kale, umbali wa milimita 50 hivi. Na kabla ya hayo hukagua kama mahali hapo pana unene wa kutosha. Asipouona, huikataa kazi, na katika kukataa huko amemtendea mteja wema mkubwa.

Mtazame anavyoanza. Haishiki habu kwa ukingo wake wa nje uliokwaruzika, bali huiegemeza pale beringi inapokaa, maana mhimili wa gurudumu uko hapo. Kisha huweka saa ya kupimia, ncha yake ikigusa uso wa habu, akaizungusha habu kwa mkono taratibu huku macho yake hayabanduki kwenye mshale, ambao haufai kucheza zaidi ya milimita 0.05. Matundu nayo huyagawa kwa meza yenye nyuzi zilizochorwa. Apimaye kwa bikari na kupiga alama kwa nyundo huweza kukosea nusu milimita, na kwa kosa hilo gurudumu huzunguka kombo, usukani ukatetemeka kadiri mwendo unavyozidi, na bolti moja ikabebeshwa mzigo wa wenziwe.

Mafundi stahiki wapo, Gerezani jijini Dar es Salaam, Kariobangi jijini Nairobi, na katika karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, mikoani. Njia nyepesi ya kuwapata ni kuwauliza wanaofufua injini ni nani huwachongea silinda na kuwasawazishia vichwa vya injini, kwani mkono uliozoea kazi hiyo umezoea vipimo vidogo. Mpelekee habu pamoja na rimu na bolti utakazotumia. Asipovitaka, wala asiulize upana wa tundu la kati la rimu na umbo la nati zake, nenda kwingine.

Ama yule anayependekeza kuyaziba matundu ya kale kwa kuchomelea, usimsikilize kabisa. Chuma cha kusubu hupasuka kikipoa baada ya moto huo, na cha kufuliwa hupinda. Na ufa usioonekana karakanani huja kufunguka gari likiteremka mlima wa Kitonga likiwa na watu ndani.

Kazi ikiisha, nati zikazwe kwa mpangilio wa msalaba, kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita mia za mwanzo, kwani rimu mpya hujikalisha na nati hulegea kidogo.