Motokaa Inapochemsha: Vipuri Gani Vibadilishwe Pamoja?

Mkulima apelekaye kabichi sokoni kwa pikapu na karani aendaye kazini kwa motokaa ndogo wana adui mmoja, naye ni joto la injini. Gari likichemsha katika kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, na dereva asisimame upesi, kichwa cha injini chaweza kupindika au kupasuka, na gharama yake hupita faida ya mavuno mengi.

Gari likifikishwa kwa fundi, huzuka swali: je, kibadilishwe kipuri kilichoharibika peke yake, au vyote pamoja? Wako wabadilishao kimoja kimoja, wakarudi gereji kila mwezi. Wako pia waagizao kila kitu kipya, wakatupa vipuri vizima. Njia zote mbili ni hasara.

Kwanza hapana budi kujua chanzo cha ubovu. Fundi mwangalifu huipima rejeta kwa pampu ya mkono, aone kama upepo unashuka na maji yanavujia wapi. Ikiwa mapovu hutoka mfululizo ndani ya rejeta injini inapounguruma, au oili imekuwa nyeupe kama maziwa, yafaa kushuku gasketi ya kichwa cha injini. Kununua pampu na mipira mipya kabla ya kuitengeneza ni kutia maji katika pakacha.

Chanzo kikijulikana, sheria ya kwanza ni hii: vipuri vinavyofikiwa kwa kazi moja vibadilishwe pamoja. Katika injini nyingine pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa taimingi, nayo haifikiki mpaka mkanda ule utolewe. Watengenezaji wengi huagiza mkanda huo ubadilishwe baada ya kilomita 100,000 au mapema zaidi. Mwenye gari la namna hii akibadilisha mkanda na kuacha pampu ya zamani, huenda akalipa ujira ule ule mara mbili. Na pampu ikivuja juu ya mkanda mpya, huuharibu. Lakini kama pampu iko nje na huzungushwa na mkanda wa feni, yaweza kungoja hadi ianze kuvuja, kulia au kulegea.

Sheria ya pili: vipuri vya bei ndogo vyenye umri mmoja viende pamoja. Mpira mmoja wa rejeta ukipasuka kwa uzee, wenzake wamepikwa na joto lile lile. Vibinywe kwa mkono injini ikiwa baridi. Ulio laini mno, mgumu, au wenye nyufa haufai. Wakati maji yamekwisha kumwagwa, ni busara kutia pia tamostati mpya na gasketi yake, na kifuniko kipya cha rejeta.

Kifuniko hicho kisidharauliwe. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi huko Mombasa, lakini Nairobi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa kuwa mji uko juu. Kifuniko kizima huzuia mvuke na kuongeza nyuzi karibu 20. Kikilegea, injini huchemsha ingawa rejeta ni nzima.

Rejeta yenyewe na feni, ambavyo ni ghali, visibadilishwe kwa kukisia. Rejeta ibadilishwe ikiwa imevuja pasipotengenezeka, imeziba, au matangi yake ya plastiki yamepasuka.

Wako mafundi waiondoao tamostati kabisa, wakidai kwamba injini itapoa zaidi. Shauri hilo si jema. Injini ifanyayo kazi ikiwa baridi hula petroli nyingi na kulika upesi.

Mwisho, kazi yote hii huwa bure ikiwa maji ya mtoni yatatiwa tena, kwa maana huleta kutu na magamba. Itumike kulanti iliyoagizwa na mtengenezaji, ichanganywe na maji safi yasiyo na chumvi. Wala kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mwenye gari na azibe nyufa zote za ukuta mmoja kwa siku moja, lakini asibomoe nyumba nzima kwa ajili ya ufa mmoja.