Vioja vya Arusini na Hukumu Zake

Hapana shughuli ya wanadamu inayopangwa kwa miezi mingi, ikagharimiwa kwa fedha za ukoo mzima, ikahudhuriwa na watu wenye macho makali, kisha ikategemea maneno machache yatakayotamkwa kwa pumzi moja na kijana ambaye usiku wa jana hakupata usingizi, isipokuwa arusi. Wala si ajabu, basi, kwamba vioja vyake aghalabu huzuka papo hapo panapotakiwa utulivu. Keki ikianguka, au mvua ikipasua turubali juu ya vichwa vya wageni, watu hucheka wakaenda zao, nami sina la kusema juu ya hayo. Ninaloulizwa mara kwa mara, kwa kuwa kazi yangu ni kusoma mambo ya akidi na sheria za ndoa, ni lile swali ambalo jamaa huulizana kwa kunong'ona baada ya kicheko kwisha: je, ndoa yenyewe imefungika?

Kosa la arusini lililosikiwa na watu wengi kuliko yote ni lile la tarehe 29 Julai 1981, katika kanisa la St Paul's mjini London, pale Diana Spencer alipotakiwa kulitaja jina la mchumba wake, wakati huo mrithi wa ufalme wa Uingereza, naye badala ya kuanza na Charles akaanza na Philip, ambalo ni jina la pili la bwana arusi na pia, kwa bahati yake mbaya, ndilo jina la baba mkwe aliyeketi hapo karibu. Haukupita muda bwana arusi naye akateleza: alipopaswa kuahidi kumshirikisha mkewe mali yake ya dunia, ulimi wake ukasema mali yako, ikawa amemwahidi binti wa watu mali ambayo tayari ni ya binti mwenyewe. Hapana askofu aliyesimamisha ibada, wala hakimu aliyeitwa kuamua ni Philip yupi aliyemwoa, kwa kuwa wawili wale walikuwa wamesimama bega kwa bega mbele ya hadhara, na kila mwenye macho alijua nani anamwoa nani. Mama mkwe wake, Malkia Elizabeth, alikuwa ameolewa yapata miaka 34 kabla ya hapo, tarehe 20 Novemba 1947, na asubuhi ya siku ile taji lake la almasi lilikatika lilipokuwa likivalishwa, sonara akalichukua mbio mbio chini ya ulinzi wa polisi kwenda kuliunga. Shada la maua likatafutwa lisionekane, kwa kuwa mtumishi alikuwa ameliweka mahali pa baridi lisinyauke. Na lulu zake zikagundulika kuwa ziko kwenye kasri jingine, pamoja na zawadi zilizowekwa watu wazitazame, ikabidi katibu wake apenye katikati ya umati kwenda kuzileta. Yote hayo ni hekaheka ya mapambo, na mapambo hayamo katika nguzo za ndoa ya dini yoyote niijuayo.

Walakini kwetu sisi wa pwani, ambao wengi wetu ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, kadhia hii ya makosa ya arusini imechambuliwa karne nyingi zilizopita, tena kwa makini ambayo mtu asiyevijua vitabu vya fikihi hawezi kuyadhania. Nguzo za nikahi ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko, yaani ijabu, kauli ya walii ya kuoza, na kabuli, kauli ya mume ya kukubali, nao mafakihi, ambao yaonekana walihudhuria arusi nyingi, walijiuliza juu ya kila nguzo ni kwa njia gani inaweza kuharibika. Baba aliyepagawa kwa furaha akisema, "Nimekuoza binti yangu Fatuma," na binti yake anaitwa Asha, hukumu ni nini? Wakajibu kwamba ikiwa hana binti mwingine, ndoa ni sahihi, kwa sababu sifa ya kuwa binti yake imekwisha kumpambanua, na jina limekuwa ziada iliyokosewa. Na kama anao wawili, akasema, "binti yangu mkubwa," kisha akamtaja kwa jina la mdogo? Hapo tena hutegemewa sifa, na aliyeolewa ni mkubwa. Lakini akisema tu, "Nimekuoza mmoja wa binti zangu," pasiwe na aliyekusudiwa, hapo hapana ndoa.

Watu wengi huona haya kwa sababu ya Kiarabu chao, na kweli nimemwona kijana shupavu, nahodha wa jahazi asiyeogopa kusi wala kaskazi, akitoka jasho lililolowesha kanzu na joho kwa kuogopa neno moja. Hofu hiyo haina msingi. Imamu Ghazali alikwisha kutoa fatwa kwamba makosa ya lugha ya namna hii hayadhuru, na waliomfuata wakasamehe hata walii anayegeuza herufi akasema "jawwaztuka" mahali pa "zawwajtuka", yaani nimekuoza. Na juu ya hayo, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba akidi yaweza kufungwa kwa lugha isiyo ya Kiarabu, mradi inafahamika. Mwenye kukitetemekea Kiarabu na aozeshwe kwa Kiswahili.

Kinachodhuru ni kitu ambacho wageni hawakitilii maanani. Kabuli inatakiwa iifuate ijabu pasipo kitambo kirefu wala maneno ya kando. Bwana arusi akikohoa, au akimeza mate na kuvuta pumzi, hapana neno. Simu ikilia ndani ya mfuko wa kanzu, mlio wake si maneno. Ila akiitoa na kusema, "Haloo, niko kwenye nikahi, nitakupigia," ijabu imekwisha kufa mkononi mwake, na sheikh hana budi kuianza upya. Kadhalika shahidi. Yule mzee wa heshima aliyeketishwa karibu na udi na ubani, akasinzia kabla tamko halijatoka, hakushuhudia kitu, maana shahidi sharti asikie. Dawa ya yote hayo ni nyepesi: akidi hukaririwa. Kukariri hakuivunji ile ya kwanza ikiwa ilikuwa sahihi.

Ama upande wa serikali, Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, nayo ni ya upole kuliko wanavyodhani wanaoiogopa: kutofuata mila za mahari, kutotoa ile taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla, hata kutoandikisha, peke yake hakuibatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine, na ikitokea kwamba aliyeifungisha hakuwa na idhini, ndoa husimama, ila kama mume na mke wote wawili walilijua jambo hilo.

Kuhusu viatu, ambavyo ndivyo chanzo cha vioja vingi zaidi kwetu kuliko ndimi, sheria ni fupi. Nikahi huisha msikitini, vijana wakamtoa bwana arusi kwa haraka, naye gizani akavaa kubadhi moja lake na jingine la mtu mnene; akafika hivyo nyumbani kwa bibi arusi, anachechemea, akakuta wanawake wamekaa mlangoni wakidai haki yao ya kufungua mlango, macho yao yote miguuni pake. Ndoa yake ni sahihi, na kubadhi la watu ana dhima ya kulirejesha.

Limebaki jambo moja, ambalo katika yote ndilo pekee linalonitia wasiwasi. Mafakihi hawa hawa, waliosamehe ulimi uliokosea, hawakuusamehe ulimi uliokusudia dhihaka: kwa mujibu wa hadithi ya Mtume, nikahi, talaka na rejea, uzito wake ni uzito na mzaha wake pia ni uzito. Sasa fikiri usiku wa kuamkia arusi, vijana wamemweka mwenzao barazani kumfundisha kabuli, na baba wa binti, mcheshi, amepita akaketi, akasema, "Haya, tujaribu, nimekuoza binti yangu," mahari yakatajwa, kijana akaitikia wima bila kukwama, na wazee wawili waadilifu wamesikia kila neno huku wanacheka. Mazoezi ni mema, nami sikatazi. Lakini na ayafanye na kaka yake, au na kinyozi, au na yeyote yule asiyekuwa walii wa mwanamke huyo.