Newfoundland na samaki wake mmoja

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ndani ya miezi hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, serikali ya Canada ilitangaza kwamba inaifungua tena bahari iliyokuwa imefungwa tangu Julai 1992. Siku bahari hiyo ilipofungwa, waziri aliwaambia wavuvi kwamba ni kwa miaka 2 tu.

Bahari hiyo iko mbele ya jimbo la Newfoundland na Labrador, ncha ya mashariki kabisa ya Canada. Jimbo lina vipande viwili. Kuna kisiwa cha Newfoundland, na kuna Labrador, nchi kubwa ya bara yenye mawe, maziwa na baridi kali, ambayo kwa ukubwa inakizidi kisiwa zaidi ya mara mbili lakini wakazi wake ni wachache mno. Vyote kwa pamoja ni kilomita za mraba 405,000 na ushei, chini kidogo ya nusu ya Tanzania. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 510,550, idadi isiyofika sehemu ya kumi ya wakazi wa Dar es Salaam. Mji mkuu, St. John's, uko karibu na Ireland kuliko ulivyo karibu na Vancouver, mji wa Canada hiyo hiyo. Hata saa zao wanazo peke yao, kwani wamepishana na majirani kwa nusu saa. Dar es Salaam ikiwa saa 6:00 mchana wakati wa majira ya baridi, St. John's ni saa 11:30 alfajiri.

Kwa mkulima, kisiwa hiki hakina la kumvutia. Udongo ni mwembamba juu ya mwamba, kiangazi ni kifupi, na bustani za vijijini hutoa viazi, kabichi na mboga za mizizi. Utajiri ulikuwa nje, kwenye Grand Banks, miinuko mipana iliyo chini ya bahari ambako maji hayana kina kirefu. Hapo mkondo baridi wa Labrador hukutana na mkondo wa joto utokao kusini. Kukutana huko huzaa ukungu unaochosha manahodha, na huzaa pia chakula tele cha samaki. John Cabot, aliyesafiri kwa niaba ya mfalme wa Uingereza, alipita pande hizo mwaka 1497, na habari zilizorudi Ulaya zilikuwa za samaki walio wengi kupita kiasi. Samaki mwenyewe ni cod, mwenye nyama nyeupe isiyo na mafuta mengi, na hiyo ndiyo siri ya biashara yake: ukimtia chumvi na kumkausha vizuri, anakaa miezi bila kuoza.

Kazi ya kumkausha ilifanyika nchi kavu, na kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wanawake na watoto. Samaki alipasuliwa, akatolewa kichwa, matumbo na sehemu kubwa ya uti wa mgongo, akalazwa kwenye chumvi, akaoshwa, kisha akaanikwa kwenye vichanja vya miti vilivyojengwa juu ya mawe ya ufukweni. Mvua ikinyemelea, wote walikimbia kumkusanya. Jua likizidi, nalo lilikuwa balaa, maana nyama iliungua ikapoteza daraja. Aliyefika bandarini akiwa mkavu na safi aliuzwa Ureno, Hispania na Italia. Aliyevunjika au kuharibika alipelekwa visiwa vya Karibi, kuwalisha Waafrika waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya miwa, na meli zikarudi na pombe ya miwa na molasi. Watu wanaposema uchumi wa Newfoundland ulijengwa kwa jasho la wavuvi maskini, wanasema kweli, ila wanamwacha nje mnunuzi mmoja mkubwa ambaye ni mfumo wa utumwa.

Wengine pia walimlipia samaki huyu. Wabeothuk, wenyeji wa kisiwa, walizoea kushuka pwani kutafuta samaki, sili na ndege. Kadiri Wazungu walivyojaza ghuba na vichanja vyao, wenyeji walisukumwa ndani ya kisiwa, kwenye njaa, maradhi na mapigano. Shanawdithit, anayehesabiwa kuwa wa mwisho wao aliyejulikana, alifariki St. John's mwaka 1829 kwa kifua kikuu, baada ya kuchora ramani na picha zinazoeleza maisha ya watu wake. Leo Wami'kmaq wako kisiwani, na huko Labrador kuna Wainnu na Wainuit. Wainuit wana serikali yao ya ndani, Nunatsiavut, tangu 2005.

Walowezi wengi walitoka magharibi mwa Uingereza na kusini-mashariki mwa Ireland. Walitawanyika kwenye vijiji vidogo vilivyong'ang'ania mawe ya pwani, familia chache hapa, familia chache pale, na njia pekee kati ya kijiji na kijiji ilikuwa mashua. Kila kijiji kilikuwa na tajiri wake. Majira ya machipuko tajiri alitoa nyavu, chumvi, unga na chai kwa mali kauli. Vuli ilipofika, mvuvi alileta samaki, tajiri akapanga daraja na bei yeye mwenyewe, akaandika kwenye daftari, na mara nyingi hesabu ilifungwa mvuvi akiwa bado anadaiwa. Wako waliozeeka katika kazi hiyo wakiwa wameshika fedha taslimu mara chache sana. Wavuvi wa pwani na maziwa yetu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo ambalo wasomaji wetu huenda hawajalisikia ni kwamba nchi hii iliwahi kujitawala, kisha ikarudisha utawala kwa hiari. Newfoundland ilikuwa na waziri mkuu wake na bunge lake, sawa na Canada au New Zealand. Ilijenga reli kwa mkopo na ikapeleka kikosi chake kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 1 Julai 1916, huko Beaumont-Hamel, Ufaransa, kikosi hicho kilitoka na watu wapatao 800, na kesho yake asubuhi walioitika majina walikuwa 68. Ukaja mdororo wa uchumi wa dunia, bei ya samaki ikaanguka, na deni likafika takriban dola milioni 100 kwa nchi ya watu wasiofika 300,000. Aprili 1932 umati ulilivamia bunge, na waziri mkuu akaponea chupuchupu. Mwaka 1934 bunge likajiweka kando, na nchi ikatawaliwa na tume iliyoteuliwa na London. Hapakuwa na uchaguzi wa bunge kwa miaka 15. Kwa sisi tuliosoma historia ya kudai uhuru, kisa hiki kinasomeka kinyumenyume.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu waliulizwa wanataka nini. Kura ya marudio ya Julai 1948 ilitoa asilimia 52.3 kwa kujiunga na Canada na 47.7 kwa kurudi kujitawala. Joseph Smallwood, mwanahabari aliyezunguka akinadi muungano, aliwaeleza akina mama wa vijijini kuhusu posho ya kila mwezi ambayo Canada humlipia kila mtoto. Fedha taslimu, mkononi mwa mama, bila kupitia daftari la tajiri. Nadhani hoja hiyo ilifanya kazi kuliko hotuba zote za utaifa. Muungano ulianza Machi 31, 1949, dakika chache kabla ya usiku wa manane, na Smallwood akaliongoza jimbo hadi 1972.

Alitaka viwanda, shule na umeme, na alisema huwezi kupeleka vitu hivyo kwenye vijiji zaidi ya elfu vilivyotapakaa. Kati ya 1954 na 1975 watu wapatao 30,000 kutoka vijiji karibu 300 walihamishwa kwa kulipwa fidia kwenda kwenye miji iliyochaguliwa. Wengine walihama na nyumba zao: nyumba ya mbao iling'olewa kwenye nguzo, ikafungiwa mapipa, ikasubiri maji kujaa, kisha mashua zikaivuta ng'ambo ya ghuba. Picha zipo, na ukizitazama huna hakika ucheke au ulie. Watanzania waliopitia operesheni vijiji wataelewa mabishano yaliyofuata.

Wakati watu wakihamishwa, baharini kulikuwa na mambo mengine. Kuanzia miaka ya 1950 zilikuja meli kubwa za Ulaya, zikiwemo za Uingereza, Hispania, Ureno na Umoja wa Kisovieti, zinazokokota nyavu usiku na mchana na kugandisha samaki humo humo ndani. Mwaka 1968 cod wa kaskazini aliyevuliwa alifika tani 800,000 na zaidi. Haikuwahi kutokea kabla, wala haikutokea tena. Canada iliposogeza mipaka yake ya uvuvi hadi maili 200 mwaka 1977, wageni wengi waliondoka, na ilitarajiwa kwamba shida imekwisha. Badala yake Canada iliunda meli zake za aina ile ile.

Hapa ndipo pa kutua, kwa sababu kosa lilikuwa kwenye hesabu. Wataalamu wa serikali walipima wingi wa samaki kwa kutumia, pamoja na mengine, kiasi ambacho meli kubwa zilivua kwa saa. Meli zikijaza nyavu haraka, walidhani samaki wanaongezeka. Lakini cod huwa na tabia ya kujikusanya, na meli zilikuwa na vyombo vya kuwanusa popote walipojikusanya. Idadi ikapungua, mafungu yakabaki mazito, nyavu zikaendelea kujaa. Mvuvi mdogo aliyetega karibu na ufuko aliona picha nyingine kabisa. Yeye alimsubiri cod aje mwenyewe mwezi Juni, akifuata kapelini, visamaki vinavyopanda ufukweni kutaga hadi watoto huvizoa kwa ndoo. Miaka ya 1980 cod waliofika walikuwa wachache na wadogo. Wavuvi hao walisema, wakaandika, mwisho wakawaajiri wanasayansi wao wenyewe. Majibu yalichelewa, na kila mwaka viwango vya kuvua vilibaki juu, maana kuvipunguza kulimaanisha kufunga viwanda.

Aliyebebeshwa mzigo wa kutangaza alikuwa John Crosbie, waziri wa uvuvi wa Canada, mzaliwa wa St. John's na mwana wa ukoo wa wafanyabiashara wa samaki. Siku moja kabla, wavuvi walipomzonga, aliwajibu kwa hasira kwamba si yeye aliyewatoa samaki baharini. Tarehe 2 Julai 1992 alitangaza hotelini kwamba uvuvi wa cod wa kaskazini umesitishwa na kila mtu atapata dola 225 kwa wiki. Wavuvi waliokuwa nje walijaribu kuuvunja mlango. Baadaye malipo yaliongezwa, lakini watu wapatao 30,000 walikuwa wamekosa kazi kwa mkupuo mmoja, na Canada haikuwa imewahi kuona kitu kama hicho. Jimbo lililokuwa na watu 580,000 hivi lilibaki na chini ya 515,000 katika sensa ya 2001.

Ajabu ni kwamba fedha za baharini hazikuisha. Cod alipopungua, kamba na kaa wa maji baridi waliongezeka, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha thamani ya mazao ya bahari ilikuwa imeipita ile ya enzi za cod. Ila kaa hahitaji watu wengi. Mwenye leseni na chombo kizuri alijenga nyumba mpya, jirani yake akapanda ndege kwenda Alberta kwenye mchanga wa mafuta, akifanya kazi wiki kadhaa na kurudi nyumbani kupumzika. Hata kaa ana mgogoro wake: mwaka 2023 bei ilipopangwa dola 2.20 kwa ratili, wavuvi walifunga vyombo vyao wiki kadhaa, na Machi 2024 waandamanaji walizuia usomaji wa bajeti ya jimbo.

Mafuta nayo yalipatikana kwenye Grand Banks zile zile. Kisima cha Hibernia kiligunduliwa mwaka 1979 na kuanza kutoa mafuta 1997, juu ya mtambo wa saruji uliojengwa kuhimili kugongwa na milima ya barafu. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia Februari 15, 1982, mtambo wa kuchimba Ocean Ranger ulizama kwenye dhoruba na watu wote 84 wakafa. Mwaka 2008 jimbo liliacha kwa mara ya kwanza kupokea ruzuku ambayo serikali kuu hugawia majimbo maskini. Labrador inachangia chuma, nikeli na umeme wa maporomoko ya Churchill, ingawa mkataba wa 1969 uliiuzia Quebec umeme huo kwa bei ya kutupa hadi 2041. Ni mwezi Desemba 2024 tu ndipo majimbo hayo mawili yalipotia saini makubaliano ya awali ya kuubadilisha mkataba huo.

Kisiwa kidogo cha Fogo kilijaribu njia yake. Wakazi wake walikataa kuhamishwa miaka ya 1960 wakaunda ushirika wa samaki mwaka 1967. Zita Cobb, binti wa mvuvi wa hapo aliyetajirika kwenye sekta ya mawasiliano, alirudi akajenga hoteli ya kifahari iliyofunguliwa 2013, inayomilikiwa na taasisi ya hisani ili faida irudi kisiwani. Wageni matajiri hulipa pesa nyingi kutazama ukungu, na hotelini wanakula cod.

Sasa cod amerudi kidogo. Kiwango kilichoruhusiwa mwaka 2024 kilikuwa tani 18,000, na sehemu kubwa walipewa wavuvi wa pwani. Sehemu ndogo ilitengewa meli kubwa za Canada na nyingine mataifa ya nje, na hapo chama cha wavuvi kilipandisha sauti. Kilitaka bahari ibaki chini ya zuio lile la zamani, maana zuio liliwazuia wenye meli kubwa, huku wadogo wakiendelea kuvua kiasi kidogo kwa kibali maalumu. Kwa hiyo wavuvi ambao wenzao walitaka kuuvunja mlango mwaka 1992 kwa sababu bahari imefungwa, mwaka 2024 walilalamika kwa sababu imefunguliwa, na sababu yao ni ile ile ya miaka ya 1980: nani anaruhusiwa kukokota nyavu huko mbali ambako cod hukusanyika wakati wa baridi.