Gari la Japani na Karatasi ya Mnada

Picha za gari lililooshwa vizuri hazimwambii mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa jambo analolihitaji zaidi: gari hili limewahi kugongwa wapi, na limewahi kuingia maji? Anayenunua yadini hufungua boneti na kumwita fundi. Anayeagiza Japani hutuma fedha, kisha husubiri meli. Uchunguzi wake huanzia kwenye karatasi, na yenye uzito kuliko zote ni ile ya mnada.

Magari mengi ya mtumba ya Japani hupita kwanza minadani, kama ile ya USS, kabla ya kufika kwa muuzaji anayesafirisha nje. Mkaguzi wa mnada huandika alichokiona kwenye karatasi ya gari hilo. Hapati chochote wewe ukinunua au ukiacha, ndiyo maana namwamini kuliko tangazo lolote.

Juu ya karatasi kuna daraja: 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 limetumika na hilo linaonekana. Pembeni kuna mchoro wa bodi wenye alama. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa tatizo. A1 mlangoni isikunyime usingizi.

Daraja la kukufanya usimame ni R au RA, yaani matengenezo yamegusa mifupa ya gari: chesisi, nguzo, paa, sakafu. Wengi hukimbia papo hapo. Mimi nasema, uliza kwanza ni sehemu gani. Fremu ya mbele inayoshika rejeta ikibadilishwa vizuri, gari linaweza kutumika miaka mingi. Nguzo ya katikati iliyokatwa na kuchomelewa ni habari nyingine kabisa. Ndiyo inayomkinga abiria gari linapogongwa ubavuni, na ubora wa uchomeleaji hauonekani pichani. Gari hilo liache, hata bei ikishuka vipi.

Gari la R likishapigwa rangi mpya, ni rahisi kulitangaza bila daraja lake. Kwa hiyo omba picha ya karatasi halisi ya Kijapani, si muhtasari wa muuzaji, kisha umlipe mtu wako akusomee maelezo ya mkono ya mkaguzi. Humo ndimo mambo mazito huandikwa.

Linganisha pia kilomita. Magari madogo ya Japani hukaguliwa kwa lazima miaka mitatu baada ya usajili wa kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita huandikwa. Kumbukumbu ikionyesha 90,000 na tangazo likasema 60,000, mita imerudishwa nyuma.

Maji ni adui mvumilivu zaidi. Gari la mafuriko linaweza kuwaka vizuri bandarini, kisha miezi baadaye kutu ikaingia kwenye viungo vya nyaya, taa za onyo zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine. Omba video: mkanda wa usalama uvutwe hadi mwisho, maana matope hujificha huko, reli za viti zionyeshwe, zulia liinuliwe. Gari likitoka Hokkaido, au popote penye theluji nyingi, dai picha za chini, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chuma.

Baadhi ya Wakenya hudhani cheti cha ukaguzi kinachotakiwa kabla ya kusafirisha kinatosha. Cheti hicho huthibitisha kwamba gari linafaa barabarani na halijapita umri wa miaka minane unaoruhusiwa. Hakisimulii ajali za zamani. Lipia mkaguzi wa kujitegemea mwenye kipimo cha unene wa rangi: palipojazwa puti, kipimo husoma mara kadhaa ya rangi ya kiwandani. Mwambie apige picha ya namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma. Isipolingana na ya karatasi ya mnada, usitume hata malipo ya awali.