Je, Wajua? Mstari mmoja huweza kuificha tovuti

Faili dogo liitwalo robots.txt, wazo la Martijn Koster mwaka 1994, huziambia roboti za utafutaji za Google na Bing zipite wapi kwenye tovuti na wapi zisipite. Baadhi ya mafundi huandika humo “Disallow: /” tovuti ikiwa bado inajengwa, kisha husahau kuufuta mstari huo. Hapo muuza kahawa wa Muleba atangoja wateja hadi achoke, kwani roboti hazina ruhusa ya kusoma hata ukurasa mmoja.

Ukishaufuta mstari huo, weka ramani ya tovuti, sitemap.xml, inayozionyesha roboti kurasa zako; faili moja hubeba hadi anwani 50,000. Na wewe mwenye nyumba ya wageni Bukoba, bei ziandike kwa maandishi ili roboti zizisome, zisibaki kwenye picha ya bango tu. Taja na mtaa ulipo.