Gregory Porter: Sauti ya Mama, Kiti Kitupu cha Baba

Ukimwona Gregory Porter kwa mara ya kwanza utadhani ni baunsa wa klabu, siyo mwimbaji. Jibaba la miraba minne, ndevu zimeshiba, suti imemkaa vizuri, halafu kichwani kapelo yenye kitambaa cheusi kinachoziba masikio na mashavu mpaka chini ya kidevu. Kila mtu huuliza habari za ile kofia, basi tulimalize hilo mapema: mwenyewe amewahi kueleza kuwa alifanyiwa upasuaji wa ngozi, makovu yakabaki, akaanza kuivaa, na sasa ndiyo imekuwa sura yake. Kisha anafungua mdomo. Sauti nzito, haina haraka, kama ya mtu mzima anayekujua tangu zamani.

Mimi si mwepesi wa kuwasifia waimbaji wa mapenzi. Wengi huimba kama vijana wa miaka kumi na tisa hata wakiwa na wajukuu. Porter nilimkuta anaimba kama mume. Chukua "Real Good Hands" iliyomo kwenye albamu yake ya Be Good ya mwaka 2012. Mwanaume anasimama mbele ya wazazi wa binti anayempenda, anawatoa wasiwasi kwamba mtoto wao yuko kwenye mikono salama. Yaani hiyo ni posa kabisa! Kwetu angetuma mshenga na barua, yeye kapeleka piano na saksafoni.

Sasa jiulize: mtu aliyekulia kwenye nyumba isiyo na baba alijifunzia wapi kuimba hivyo?

Santuri za mama

Porter alizaliwa Sacramento, California, Novemba 4, 1971, akakulia Bakersfield, mji wa mashamba na visima vya mafuta katika jimbo hilohilo. Mama yake, Ruth, alikuwa mchungaji na alilea watoto wanane. Baba, Rufus, alikuwa hai lakini hakuwepo. Wa aina hiyo tunao hata mitaani kwetu, hatuna haja ya kuelezana sana.

Mama huyu hakuishia kuhubiri madhabahuni. Aliwafuata watu wasio na makazi huko huko vichochoroni, akawalisha, na watoto wake wakiwa nyuma yake. Miaka mingi baadaye mwanawe aliandika wimbo kutokana na kumbukumbu hizo, "Take Me to the Alley", ukatoa jina la albamu yake ya 2016.

Akiwa mtoto mdogo kabisa, Porter alitunga kawimbo kake akamwimbia mama. Mama akamwambia anasikika kama Nat King Cole. Mtoto hakujua huyo ni nani, akaenda kumtafuta kwenye santuri za mama yake. Akamkuta pale kwenye jalada: mwanaume mtanashati, kavaa vizuri, na santuri ilipoanza kuzunguka ikatoka sauti ya upole, sauti ya mtu asiyegomba. Porter amesimulia mara nyingi kwamba alijiaminisha kuwa yule ndiye baba yake, na kwamba maneno yale ya kutia moyo alikuwa anaambiwa yeye.

Hebu fikiria. Mtoto amekaa chini mbele ya spika, anajichagulia baba. Akina baba wenzangu mnaosoma hapa, na akina mama mnaobeba mzigo peke yenu, nawaachia picha hiyo.

Bega na msiba

Kitu cha kwanza kumtoa Bakersfield hakikuwa muziki. Alipata ufadhili wa kusoma San Diego State University kwa sababu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kuvaa helmeti na kugongana. Akaumia bega, mpira ukaishia hapo.

Kisha mama akaugua saratani. Porter alikuwa na miaka 21. Kama kijana yeyote mwenye akili, alitaka kumhakikishia mgonjwa kuwa atatafuta kazi ya maana, yenye mshahara. Mama akiwa kitandani akamwambia aimbe, asiuache muziki. Jamani, wazazi wangapi unaowajua wangesema hivyo? Wengi wangeaga dunia wakiulizia cheti.

Baraka aliipata, lakini haikuja na mkataba. Mjini San Diego alikutana na Kamau Kenyatta, mwanamuziki na mwalimu (jina lisikuchanganye, ni Mmarekani wa Detroit). Kenyatta ndiye aliyemfikisha kwa Hubert Laws, mpiga filimbi maarufu aliyekuwa anarekodi albamu ya kumkumbuka, nani tena, Nat King Cole. Ilitoka 1998, na Porter yumo, akiimba "Smile". Baadaye aliandika mchezo wa jukwaani kuhusu maisha yake, mtoto aliyemgeuza Nat King Cole kuwa baba, ukaonyeshwa Denver.

Neno kidogo kuhusu jazz. Wazee wetu wakisikia neno hilo watakutajia Morogoro Jazz au Western Jazz, ambazo kwa kweli zilikuwa bendi za dansi. Jazz ya Porter ni ile ya Marekani, lakini imelelewa kanisani: kuna makofi, kuna kuitikiana, kuna mahali unataka kusema amina.

Miaka 38

Alihamia Brooklyn, New York, akawa anapika kwenye mgahawa wa kaka yake mchana, na usiku anaimba vilabuni, hasa St. Nick's Pub kule Harlem. Albamu ya kwanza, Water, ilitoka 2010. Alikuwa na miaka 38! Umri ambao wenzetu wengi wameshajiandikia hati ya kushindwa. Albamu hiyo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Mwaka 2013 akatoa Liquid Spirit chini ya Blue Note, kampuni yenye heshima kubwa katika jazz, na Januari 2014 akabeba Grammy ya albamu bora ya jazz ya kuimba. Take Me to the Alley ikamletea nyingine 2017. Katikati hapo vijana wa Disclosure wakamchukua kwenye "Holding On", watu wa disko nao wakamjua.

Mwaka huohuo wa 2017 alitoa Nat King Cole & Me, akiwa na okestra nzima nyuma yake. Kwangu violini zimezidi kidogo, nampenda zaidi akiwa na bendi ndogo. Lakini namwelewa. Ni mtoto anamrudishia baba wa kwenye santuri deni lake.

Na yule baba wa damu? Porter amesimulia kwamba msibani kwa baba yake watu walimfuata wakamwambia marehemu naye alikuwa mwimbaji, tena mzuri. Mtu ameishi miaka yote akidhani sauti ni ya mama na Nat King Cole, anakuja kuambiwa penye jeneza kuwa sehemu yake ilitoka kwa mtu aliyemkosa. Hasira hizo hakuziimba kwa kulia. Kwenye All Rise ya 2020 kuna "Dad Gone Thing": wimbo wa kuchangamka, anamlalamikia baba kwamba hakumfundisha lolote, halafu hapohapo anakubali kuwa kuimba alikirithi. Mwaka huohuo Korona ikamchukua kaka yake wa mgahawa.

Porter mwenyewe ameoa na ana watoto, na baada ya umaarufu wote aliirudisha familia Bakersfield.

Kama hujawahi kumsikiliza, usianze na zile zenye tuzo. Anza na "Real Good Hands", mkiwa wawili. Mkishagombana, "Insanity". Watoto wakiamka, wawekeeni "Don't Lose Your Steam", ule aliomwandikia mwanawe.