Mfunge, lakini Usimfukuze

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilipita kwenye baraza moja pale Magomeni, jijini Dar es Salaam, ambako wazee hucheza bao kila jioni. Nilimkuta kijana mmoja ameketi mbele ya mchezaji mkongwe. Kete za nyumba yake, lile shimo kuu linaloanza na kete sita, alizitembeza mapema mno. Haukupita muda akafungwa mkononi, yaani safu yake ya mbele ikabaki tupu ilhali bado ana kete za kunamua.

Kabla hajainua uso, mtazamaji mmoja akapaza sauti: "Bao huliwezi wewe, kacheze gololi!" Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akaaga, akaenda zake. Juzi nilipomuulizia, nikaambiwa hajaonekana tena.

Kwa nini neno dogo kama lile lichome? Sababu imo ndani ya mchezo wenyewe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana kete 32 zake. Hakuna dadu, wala hakuna kuchanga karata. Kila kitu ki wazi mbele ya macho ya watu. Basi anayefungwa hawezi kusingizia bahati. Amezidiwa akili, na wote wameona. Ukimtukana wakati huo, unatia chumvi kwenye kidonda.

Sisemi baraza linyamaze kama msiba. Bao bila utani ni chai bila sukari. Lakini utani una wenyewe: ni wa watu waliozoeana, ambao leo huyu anafunga na kesho anafungwa. Mgeni hana deni la kukulipa. Kwake yeye huo si utani, ni kufukuzwa.

Miaka kadhaa iliyopita, mjini Unguja, niliona namna nyingine. Mwanafunzi alikosea vilevile. Mzee aliyekuwa akitazama alikaa kimya hadi mchezo ukaisha. Kisha akazirudisha kete kama zilivyokuwa kabla ya kosa, akamwuliza: "Mwanangu, hapa uliona nini?" Kijana akaeleza. Mzee akasema, "Umeona vizuri kete za kula, ila hukuangalia mwenzako atakula nini baada yako. Hebu cheza tena." Kijana akacheza tena, na safari hii nyumba yake ikabaki salama.

Tazama alivyofanya mzee yule. Hakuingilia mchezo wa watu. Aliuliza kabla ya kuhukumu. Alisema juu ya kete, hakusema juu ya kichwa cha mtu. Na hakuishia kwenye kosa, alionyesha njia.

Wala hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwanafunzi anayeambiwa "vizuri" kwa kila kete atafungwa hadi uzeeni. Ukweli lazima usemwe. Kinachotakiwa ni usemwe kwa namna ambayo mwenye kuusikia atabaki kwenye mkeka.

Jambo hili si dogo. Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, alijulikana kwa mapenzi yake ya bao, na mbele ya kete alifungika kama mtu yeyote. Mchezo huu wengi wetu hatukuusoma darasani. Tuliuokota barazani, kwa kutazama, kukosea na kusahihishwa. Kila kijana tunayemfukuza kwa kicheko ni mtu mmoja pungufu wa kuurithi. Siku moja wakongwe wataketi na mbao zao nzuri za mninga, kete zimepangwa, na upande wa pili hakuna mtu.

Basi jioni ya leo ukimfunga mgeni, mfunge sawasawa. Kisha mwambie: "Kaa, tupange tena."

Kwaherini, hadi wiki ijayo.